Je, Hii ni Kawaida? Mazungumzo Kuhusu Hedhi na Wakati wa Kumwona Daktari

Haya ni mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa sekondari, wasichana kwa wavulana. Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi aliandika swali lake kwenye kikaratasi bila kutaja jina. Tumeyachapa hapa ili na wewe ambaye hukuwepo uyapate.

Naona wavulana wa nyuma mnaangalia mlango. Kaeni, hakuna anayetoka. Mnao dada, mnao mama, na siku moja wengi wenu mtakuwa na mabinti. Somo la leo ni lenu pia.

Nimevipitia vikaratasi vyenu vyote. Maswali ni mengi, lakini ukiyatazama vizuri, karibu yote ni swali moja tu limebadilishwa nguo. "Mimi natokwa damu siku 9, ni kawaida?" "Rafiki yangu bwenini huzimia kila mwezi, ni kawaida?" "Nina miaka 16 sijaanza, ni kawaida?" Na hili hapa: "Dada yangu hakosi kukosa shule siku 3 kila mwezi, mama anasema ni kawaida. Kweli?" Hili limeandikwa na mvulana, na nimelipenda sana.

Basi leo tulishughulikie neno hilo moja, kawaida, maana limewaponza wasichana wengi. Kuna jambo ambalo ni la kawaida kwa maana kwamba linawapata watu wengi. Malaria inawapata watu wengi, lakini hakuna anayekuambia uivumilie mpaka uolewe. Halafu kuna jambo ambalo ni la kawaida kwa maana kwamba mwili unafanya kazi yake vizuri. Hizo ni kawaida mbili tofauti. Hedhi yenyewe ni ya kawaida kwa maana ya pili, haina ugonjwa ndani yake. Lakini kujikunja kitandani unalia kila mwezi, au kuvuja damu mpaka unaona kizunguzungu, ni jambo la kawaida kwa maana ya kwanza tu. Wengi wanalo, lakini halikubaliki.

Mwili unafanya nini?

Tuanze na mwili wenyewe. Msichana ana ovari mbili, moja kila upande wa tumbo chini ya kitovu. Humo ndimo mayai yanamokaa. Katikati upo mfuko wa uzazi, wengine wanauita kizazi au mji wa mimba. Ni mdogo, kiasi cha ngumi yako au pungufu ya hapo.

Kila mwezi, homoni zinauambia mfuko wa uzazi ujitandike, kama mtu anayetandika kitanda akimsubiri mgeni. Utando wa ndani unakuwa mnene na wenye damu nyingi. Wakati huo huo yai moja linakomaa na kutoka. Likikutana na mbegu ya mwanamume, mgeni amefika, mimba inatunga. Lisipokutana nayo, homoni zinashuka, matandiko yanakunjuliwa, utando unabomoka na kutoka kama damu. Hiyo ndiyo hedhi, au kama mnavyosema wenyewe, kwenda mwezini au kuwa kwenye siku zako.

Kwa hiyo damu hii si uchafu na si laana. Kuna watu bado wanasema msichana aliye kwenye siku zake akipita shambani maboga yatakauka, au asitie chumvi kwenye mboga. Boga halina habari na wewe. Linakauka kwa jua, wadudu na ukosefu wa maji.

Jifunze kuhesabu

Mtu mmoja ameuliza: "Kwa nini zangu hazifiki siku 28?" Labda umesikia namba hiyo kwenye Siku ya Hedhi Salama, ambayo imeadhimishwa duniani kila tarehe 28 Mei tangu mwaka 2014. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu mzunguko huchukua kama siku 28 kwa wastani, na damu hutoka kama siku 5, na Mei ni mwezi wa 5. Lakini wastani si sheria. Hukuvunja sheria yoyote kwa kuwa na siku 25 au 33.

Unahesabu hivi. Siku ya kwanza unayoona damu ndiyo siku ya 1. Unaendelea kuhesabu mpaka siku moja kabla ya damu ya safari inayofuata. Tuseme msichana alianza tarehe 4 Machi, akaanza tena tarehe 2 Aprili. Mzunguko wake ni siku 29. Akaanza tena tarehe 8 Mei. Sasa ni siku 36. Je, anaumwa? Haumwi. Kwa msichana ambaye ana miaka michache tu tangu avunje ungo, mzunguko wa siku 21 hadi 45 unakubalika, na unaweza kuyumba mwezi hadi mwezi, kwa sababu homoni zake bado zinajifunza kazi. Mtihani, safari, kupungua uzito na mawazo mengi vinaweza kuusogeza. Kadiri miaka inavyokwenda, unatulia.

Chukua ukurasa wa mwisho wa daftari, au kalenda ndogo. Kila mwezi andika mambo matatu: tarehe uliyoanza, siku ulizotokwa damu, na pedi ngapi au vitambaa vingapi ulivyobadilisha siku ile nzito kuliko zote. Kama uliumwa, andika na siku ulizokosa darasani. Kama hutaki mtu aelewe, weka alama yako mwenyewe. Baada ya miezi mitatu utakuwa na kitu ambacho wasichana wengi hawana: utajua kawaida yako wewe, siyo ya jirani yako wa kitanda cha juu. Faida yake mtaiona tukifika zahanati.

Damu kiasi gani?

Hapa ndipo watu wengi wanadanganyika, kwa sababu damu kidogo ikisambaa kwenye nguo inaonekana bahari. Kwa kawaida, damu ya hedhi nzima, toka siku ya kwanza hadi ya mwisho, ni kama mililita 30 hadi 40. Hivyo ni vijiko 6 hadi 8 vya chai. Ndiyo, vya chai! Ikizidi mililita 80, yaani kama vijiko 16 vya chai, madaktari wanaiita nyingi mno.

Hakuna anayepima kwa kijiko, bila shaka. Kwa hiyo tazama dalili hizi. Damu ya kawaida hutoka siku 2 hadi 7. Pedi 3 hadi 6 kwa siku zinatosha, ukibadilisha kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa. Lakini kama pedi au kitambaa kinalowa chote ndani ya saa moja au mbili, kama unavaa pedi mbili kwa pamoja, kama unaamka usiku kubadilisha na bado shuka linachafuka, kama unatoa mabonge ya damu makubwa kuliko sentimita 2 na nusu, au kama damu inapita siku 7, hiyo ni nyingi. Usiseme "ndivyo nilivyoumbwa" kabla hujapimwa.

Kwa nini nasisitiza? Fikiria msichana wa kidato cha pili anayevuja hivyo kila mwezi. Kila mwezi mwili wake unapoteza damu kuliko unavyoweza kutengeneza. Taratibu anaishiwa madini ya chuma. Anaanza kuchoka. Akipanda ngazi, moyo unakwenda mbio. Darasani anasinzia. Mwalimu anamwita mvivu, wenzake wanamcheka, na yeye mwenyewe anaanza kuamini kwamba hana akili. Matokeo ya mtihani yanashuka. Kumbe binti ana upungufu wa damu, na kipimo kidogo cha tone la damu ya kidoleni kingemwambia hivyo. Kwa msichana wa umri wenu ambaye hana mimba, wingi wa damu ukiwa chini ya 12 ni upungufu. Ukiwa chini ya 8, ni upungufu mkali. Hapa kwetu malaria na minyoo ya safura nayo huipunguza damu, kwa hiyo vikiungana na hedhi nzito, hali inakuwa mbaya haraka.

Chakula kinasaidia: dagaa, maini, nyama, maharage, choroko, mchicha, matembele, kisamvu. Kula na chungwa, embe au kamulia ndimu, maana matunda hayo yanausaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga. Chai usinywe pamoja na mlo, inazuia. Ngoja saa moja au mbili. Lakini elewa kwamba mchicha peke yake hauzibi ndoo inayovuja. Lazima itafutwe sababu ya kuvuja.

Na sababu moja watu hawaifikirii. Wapo watu ambao damu yao haigandi vizuri tangu kuzaliwa. Wakiwa wadogo wanatoka damu puani mara kwa mara, wakijikata damu inachukua muda kukatika, waking'olewa jino inatoka siku nzima. Kwa msichana mwenye tatizo hilo, hedhi ya kwanza kabisa ndiyo mtihani mkubwa. Ugonjwa mmoja wa namna hiyo unapatikana duniani kote, na unaitwa ugonjwa wa von Willebrand kwa jina la daktari wa Finland aliyeueleza mwaka 1926. Mgonjwa aliyemfanya daktari huyo auchunguze alikuwa binti mdogo wa visiwa vya Åland. Binti huyo alikufa kwa kutokwa damu katika hedhi yake ya nne tu, akiwa na miaka 13. Wakati ule dawa hazikuwepo. Leo zipo. Kwa hiyo kama hedhi yako imekuwa nzito sana tangu ile ya kwanza, na unayo historia ya damu kutokatika, au mama na shangazi zako wanayo, mwambie daktari hivyo hivyo.

Tumbo la hedhi

Maswali ya tumbo yalikuwa mengi kuliko yote. "Kwa nini tumbo linaninyonga?" Mfuko wa uzazi ni msuli. Ili kuusukuma ule utando utoke, unajikaza na kuachia, unajikaza na kuachia. Kinachouamuru ujikaze ni kemikali iitwayo prostaglandini, inayotengenezwa pale pale kwenye utando. Ikiwa nyingi, mikazo inakuwa mikali, na maumivu yanaweza kushuka mapajani na kupanda mgongoni. Wengine wanaharisha au kutapika kwa sababu hiyo hiyo.

Mmoja ameandika kwamba mwaka wa kwanza hakuumwa kabisa, sasa anaumwa, na shoga yake kamwambia amerogwa. Hapana, hukurogwa. Miezi ya mwanzo mizunguko mingi hupita bila yai kutoka, na mzunguko usio na yai mara nyingi hauumi. Yai likianza kutoka kila mwezi, ndipo na maumivu yanapoanza. Hiyo ni dalili kwamba mwili unakomaa.

Maumivu ya namna hii huanza damu inapoanza au muda mfupi kabla, hukaa siku 1 hadi 3, kisha yanakwisha. Yana tiba. Chupa ya maji ya moto, ifunge kwenye kanga, weka juu ya tumbo. Tembea, fanya mazoezi mepesi, usilale tu. Na dawa: ibuprofeni inapunguza utengenezaji wa ile prostaglandini yenyewe. Siri yake ni kuiwahi. Meza maumivu yanapoanza tu, usingoje mpaka unalia, na umeze baada ya kula. Muulize muuguzi au muuza dawa kipimo cha umri wako, usizidishe. Kama una vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo, usiinywe kabla ya kumwuliza daktari, huenda akakupa parasetamoli. Aspirini iache. Haifai kwa walio chini ya miaka 16, na inaweza kuongeza kutoka damu.

Sasa nisikilizeni vizuri kwa hili. Kikaratasi kimoja kinasema: "Kuna kijana ananiambia nikianza kufanya mapenzi maumivu yataisha." Dada yangu, huyo anajitafutia dawa yake mwenyewe. Kujamiiana hakutibu tumbo la hedhi. Kunaweza kukupa mimba na magonjwa, pamoja na virusi vya UKIMWI. Wengine wanaambiwa "ukizaa yataisha." Ni kweli wapo wanaopata nafuu baada ya kuzaa, na wapo wasiopata. Lakini mtoto si kidonge. Hakuna binti wa sekondari anayepaswa kuzaa ili apate kukaa darasani.

Maumivu yasiyosikia dawa

Wazee wetu wana neno, chango. Msichana akiumwa tumbo wanasema ana chango, wanachemsha mizizi anakunywa. Siwadharau wazee. Lakini neno chango limebeba magonjwa mengi ndani yake kama gunia, na kila ugonjwa una tiba yake. Na kuhusu dawa za kuingiza ukeni, ziwe za mitishamba au za dukani, usiingize kitu bila kuandikiwa na mtaalamu. Unaweza kuungua na kupata maambukizi.

Ugonjwa mmoja uliojificha ndani ya gunia hilo unaitwa endometriosisi. Utando unaofanana na ule wa ndani ya mfuko wa uzazi unaota mahali pengine, kwenye ovari, kwenye mirija, hata karibu na utumbo. Panavimba, panauma, panaacha makovu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Maana yake katika darasa lenye wasichana 40, si ajabu wakawepo wachache watakaoupata.

Mnamjua Happiness Millen Magese? Alivikwa taji la Miss Tanzania mwaka 2001, akawa mwanamitindo wa kimataifa. Picha zake zilikuwa za kutabasamu, kumbe alikuwa na endometriosisi, na maumivu yake yalianza akiwa msichana. Amefanyiwa operesheni zaidi ya 10. Aliamua kusema hadharani ili wasichana wengine wasikae kimya, na mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kiume. Nawapa mfano wake kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa huu hauchagui mzuri wala mbaya, mvivu wala mchapakazi. Pili, mtu anayeupata anahitaji kusikilizwa mapema, siyo baada ya miaka mingi ya kuambiwa "vumilia, ndio uanamke."

Utaushuku vipi? Maumivu ambayo hayapungui hata ukimeza dawa ipasavyo kwa miezi 3. Maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka. Maumivu yanayokuja hata kama huko kwenye siku zako. Maumivu wakati wa kwenda haja kubwa au ndogo. Na kipimo rahisi kuliko vyote: yanayokukosesha shule kila mwezi. Mwandishi wa swali la dada yake, jibu lako ni hili. Siku 3 kila mwezi ni zaidi ya siku 20 za masomo kwa mwaka. Mama ana nia njema, pengine yeye mwenyewe aliteseka hivyo na hakuna aliyemsaidia. Mwambie kwa heshima kwamba dada apelekwe akapimwe.

Ambaye hajaanza, na aliyekosa

Wasichana wengi huanza kati ya miaka 10 na 15. Kama umefika miaka 15 hujaona hedhi, au imepita miaka 3 tangu matiti yaanze kuota na bado kimya, nenda ukaonwe. Wewe wa miaka 16, usiogope, lakini nenda likizo hii.

Kuna mmoja namtafuta hasa. Ni yule mwenye matiti, mwenye miaka 14 au 15, hajawahi kuona damu, lakini kila mwezi tumbo linamuuma vibaya kwa siku chache. Wapo wasichana wachache ambao uke wao umezibwa na utando tangu kuzaliwa. Damu inatengenezwa lakini haina pa kutokea, inajikusanya ndani. Ni operesheni ndogo tu, na binti anakuwa mzima. Akiachwa, anaumia bure.

Na aliyekuwa akipata, sasa amekosa? Kama umewahi kujamiiana, hata mara moja, hata kama mlihesabu "siku salama", pima mimba mapema. Kwa msichana ambaye mzunguko wake unayumba, siku salama hazijulikani. Kama huna sababu ya kuwa na mimba, na zimepita siku 90 bila hedhi, nenda ukaonwe pia.

Nenda lini?

Nakili hii orodha. Nenda kituo cha afya ukiona:
- damu inapita siku 7, au pedi inalowa yote ndani ya saa moja au mbili;
- mzunguko uko chini ya siku 21 au unazidi siku 45 mara kwa mara, au siku 90 zimepita hata mara moja;
- unatokwa damu katikati ya mwezi, au baada ya kujamiiana;
- maumivu hayasikii dawa au yanakukosesha shule;
- unachoka sana, unaishiwa pumzi, viganja na midomo ya ndani vimekuwa vyeupe;
- unatokwa uchafu wenye harufu mbaya, au unawashwa;
- una miaka 15 na hujaanza.

Nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona:
- umezimia, au pedi zinalowa saa baada ya saa bila kupungua;
- homa kali pamoja na maumivu chini ya kitovu;
- umekosa hedhi halafu unaumwa ghafla upande mmoja wa tumbo, pengine na damu kidogo na kizunguzungu. Hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, na inaua.

Ukifika, useme nini?

Wengi wenu mnaogopa kwenda kuliko mnavyoogopa ugonjwa wenyewe. Mnaogopa kugombezwa, mnaogopa kukutana na jirani, mnaogopa "kupimwa kule". Tuseme ukweli, wapo wahudumu wenye maneno makali. Lakini wapo wengi wema, na vituo kadhaa vina huduma rafiki kwa vijana. Anza na matroni au mwalimu mlezi unayemwamini. Nenda na mama, shangazi au dada. Unaweza kuomba nesi wa kike na chumba cha faragha.

Sasa ile kalenda yako inafanya kazi. Usiseme tu "naumwa tumbo", utapewa vidonge vya tumbo urudi nyumbani. Sema hivi: "Nina miaka 16. Nilivunja ungo nikiwa na miaka 13. Hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe 8 Mei. Damu inakaa siku 9. Siku ya pili nabadilisha pedi kila saa moja. Kila mwezi nakosa shule siku 3. Nimetumia ibuprofeni miezi 3, hainisaidii." Hapo hakuna anayeweza kukuambia unadeka. Tarehe na siku zimeandikwa.

Utaulizwa kama umewahi kujamiiana. Sema kweli, anauliza ili akutibu. Mara nyingi utapimwa mkojo na damu, na pengine utapigwa picha ya ultrasaundi, ambayo kwa msichana hupigwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa. Haikugusi kokote kwingine. Kama kuna kipimo kingine kinatakiwa, una haki ya kuelezwa kabla, kuuliza kwa nini, na kuwa na mtu wako karibu. Na kama umetibiwa ukarudi mara mbili bila nafuu, omba rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Kuomba rufaa si utovu wa adabu.

Wavulana, namalizia na ninyi

Mwenzenu akifunga sweta kiunoni, msiulize kwa sauti, na msicheke. Anayecheka anamfanya binti akae nyumbani siku 3. Akiomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, mpisheni. Na mkisikia dada nyumbani analia usiku, msiseme ni mambo ya wanawake. Yule aliyeandika kikaratasi chake ameshafanya jambo la kwanza. La pili ni kwenda naye zahanati.

Wasichana, kabla hamjatoka humu, kila mmoja afungue ukurasa wa mwisho wa daftari. Andika tarehe ya mwisho unayoikumbuka. Kama huikumbuki, andika leo "sijui", na mwezi ujao utaandika tarehe. Wenye maswali ya pembeni, nitakuwa chini ya ule mwembe mpaka kengele ya chakula.